Visanduku Kumi na Viwili Vilivyolala Vibaya

Meza ile ilibebwa na wanaume watano, na wote watano waliondoka wameshika viuno. Juu yake kuna duara la chuma, chini kuna sanduku zito lenye mota, na kazi yake ni kuzunguka tu. Nilimwuliza mjukuu wangu kama hakuna kingine inachofanya. Akasema hakuna, ila inazunguka kwa ukweli. Ikiambiwa nyuzi kumi za duara kwa sekunde, haiendi tisa na nusu, hata umeme ukisuasua. Babu yake akasema basi katika nyumba hii tumepata mmoja anayefanya alichoambiwa.

Tuliiweka kwenye chumba cha nyuma, kilichokuwa cha cherehani yangu. Cherehani ilihamia sebuleni karibu na dirisha. Sikuiona shida, maana mjukuu wangu mwenyewe aliibeba, na kabla hajaiweka aliniuliza mwanga ninaupenda utokee bega gani. Watu wengi hawaulizi jambo kama hilo.

Asubuhi alikuwa anafundisha chuo cha ufundi, kwa mkataba uliokuwa unaisha na muhula. Saa saba anarudi, anakula amesimama, anaingia chumba cha nyuma. Kazi yake anaiita kuhakiki vipimo. Anavyohakiki ni visanduku vidogo, kila kimoja ukubwa wa kiberiti, vyenye uwezo wa kuhisi mwendo. Ukikigeuza, kinajua umekigeuza upande gani na kwa kasi gani. Ukikiinamisha, kinajua kimeinama kiasi gani. Hospitali wanavifunga kwenye mkanda kiunoni mwa mgonjwa anayejifunza kutembea upya baada ya kupooza, ili daktari aone anaegemea wapi kabla hajaanguka.

Shida ya visanduku hivi, alinieleza siku moja ninamsuka nywele, ni kwamba vyote vinasema uongo. Ukikiweka mezani kimetulia kabisa, kilipaswa kusema sifuri. Hakisemi sifuri. Kimoja kinadai kinazunguka kidogo kushoto, kingine kidogo kulia. Nikamwuliza anawezaje kuviponya uongo. Akasema haviponyeki, wala si lazima. Kazi yake ni kuujua uongo wa kila kimoja, auandike, ili kompyuta iwe inautoa. Kibaya si uongo, alisema, kibaya ni uongo unaobadilika kila siku.

Nilicheka mpaka kitana kikaanguka, kwa sababu nimeishi na babu yake miaka arobaini na sita. Mzee akisema anakuja sasa hivi, ongeza nusu saa. Akisema amekunywa chai kikombe kimoja, ongeza kikombe. Akisema hajalala, alikuwa amefumba macho akifikiri, toa kufikiri. Uongo wake haujabadilika tangu tuoane, ndiyo maana tunaelewana. Kumbe nimekuwa mhakiki wa vipimo miaka yote hiyo bila cheti.

Wakati huo daktari wa viungo wa hospitali alikuwa amemletea visanduku kumi na viwili vya majaribio. Angekuja Ijumaa saa nane kuvichukua. Akiridhika, kazi yote ya hospitali ingeletwa kwenye chumba chetu cha nyuma. Asiporidhika, mjukuu wangu angekwenda kufanya kazi kiwandani, kwenye mji wa mbali, safari ya siku mbili. Barua ya kumwita ilikuwa imebanwa kwa sumaku kwenye mlango wa friji. Kila nilipochukua maziwa niliiona, na kila nilipoiona nilisahau nilichofuata. Siku ya tatu nikaikuta imegeuzwa, maandishi yanatazama mlango. Sikuuliza nani kaigeuza. Aliye mrefu kiasi cha kuifikia bila kupanda kigoda ni Mzee peke yake.

Jumapili jioni mjukuu wangu alitukalisha, akatuambia kwamba wiki hiyo meza ya kuzunguka isiguswe na mtu. Tukaahidi. Nataka ijulikane kwamba mimi meza sikuigusa, hata kwa kidole, mpaka leo.

Visanduku havikuwa juu ya meza. Vilikuwa kwenye kona, juu ya bamba la jiwe jeusi alilolijengea nguzo fupi ya saruji, kimo cha goti langu na kidogo. Vilipangwa mstari, kila kimoja na waya wake, na vilipaswa kukaa hapo asubuhi nzima wakati yeye yuko chuoni. Jumatatu saa nne niliingia na kitambaa laini kufuta vumbi, maana vumbi na mashine havipatani. Nikavikuta vyote kumi na viwili vimelala ubavu.

Kila kimoja kina namba, na juu kina mshale mweupe. Mtu yeyote anaona kwamba mshale ule unatakiwa utazame juu. Nikafikiri, maskini mjukuu wangu, ameondoka mbiombio, hata chai hakumaliza. Mimi nimemwuguza mama yangu kitandani miezi minane, nikimgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda, na hakupata hata kimoja. Siwezi kuona kitu kimelalia ubavu muda mrefu nikapita. Nikakinyanyua cha kwanza, nikakifuta mara mbili, nikakisimamisha wima. Nikaenda hivyo hivyo mpaka cha kumi na mbili. Nikaviacha vipumzike nusu saa nikifagia. Baadaye nikawaza, huenda mwenyewe ana mpangilio wake, na si vizuri mtu arudi kazini aone amesahihishwa. Nikavirudisha kimoja kimoja kama nilivyovikuta.

Ila namba saba kilipata ajali mapema, wakati wa kufuta. Waya wake ulinasa kwenye kanga yangu, nikageuka, kikaenda chini. Kilianguka kwenye mkeka. Nikakiokota, nikakiambia pole, nikakishika kifuani kidogo, nikakifuta mara tatu badala ya mbili, nikakipanga na wenzake. Hakikuwa na ufa wala mkwaruzo. Nikajiambia nitamweleza mjukuu wangu jioni.

Jioni hakuwa mtu wa kuelezwa. Tangu arudi mchana alikuwa anasoma majumuisho kwenye kompyuta, na majumuisho yalikuwa vurugu. Kila kisanduku kilikuwa kimetoa uongo mkubwa kuliko wa wiki iliyopita, na hakuna viwili vilivyofanana. Akasema kuna kitu ndani ya nyumba kinatikisa jiwe. Alisimama katikati ya sebule akisikiliza, na macho yake yakaangukia kiti cha kubembea cha Mzee, kilichokuwa kinakwenda mbele na nyuma kando ya ukuta wa chumba cha nyuma.

Alimwomba kwa heshima sana. Alisema ni mpaka Ijumaa tu.

"Uliniambia kwamba zile mashine za bei kubwa zinahisi mpaka dunia inavyozunguka," Mzee akamwambia.

"Ndiyo, Babu. Hizi zetu haziwezi."

"Basi dunia nzima haitulii, na anayetolewa nje ni mimi."

Lakini alisimama, akakishika kiti upande mmoja, mjukuu upande mwingine, wakakitoa uani. Jumanne alibembea juani, amefunika kichwa kwa gazeti. Nilimpelekea maji, akanitazama kwa muda, akanywa, akajifunika tena gazeti.

Jumanne nilivikuta visanduku vimepinduliwa vichwa chini, vyote. Moyo uliniuma zaidi ya Jumatatu. Nikavifuta, nikavisimamisha, nikavipumzisha nusu saa, nikavirudisha. Jioni vurugu ilikuwa mbaya zaidi. Mjukuu wangu alikwenda kwa seremala, jirani yetu wa ukuta mmoja, kumwuliza kama anaweza kuacha kugongagonga asubuhi. Seremala alikuwa na milango sita ya kumaliza, lakini alisema atakuwa anapiga randa asubuhi na nyundo mchana. Tena alivua viatu vyake vya ngozi nzito, akamkabidhi mjukuu wangu aondoke navyo, akafanya kazi kwa kandambili. Friji nayo ilizimwa kwa sababu inatetemeka. Maziwa yakaganda. Tulikuwa tunatembea ndani ya nyumba yetu wenyewe kwa ncha za vidole, Mzee akinyanyua magoti kama anayevuka matope.

Jumatano visanduku vililala kifudifudi. Sikuvumilia. Nikafanya kazi yangu.

Mchana ule mjukuu wangu hakuingia chumba cha nyuma. Alikuja jikoni na kompyuta yake, akakaa karibu nami ninapochambua mchele. Alisema siku zote mbili alikuwa anasoma majumuisho tu, sasa amefungua rekodi nzima, sekunde kwa sekunde. Akanigeuzia kioo. Kulikuwa na mistari kumi na miwili, imenyooka kama uzi, halafu katikati ya kila mmoja pana vilima.

"Bibi, sikiliza hii rekodi inavyosema," aliniambia. "Saa nne na dakika kumi anakuja mtu. Anaanza na namba moja, haruki hata kimoja. Anakinyanyua, anakitikisa mara mbili, anakisimamisha wima. Nusu saa baadaye anarudi, anakilaza kama kilivyokuwa. Na anakiweka taratibu kama anayeweka yai."

Niliendelea kuchambua mchele. Nilikuwa nimeshamaliza mawe, nikawa natoa mchele wenyewe.

"Siyo seremala," akasema.

"Siyo seremala," nikakubali.

"Wala siyo kiti cha Babu."

Nikamwambia meza sikuigusa. Akasema anajua, meza hata vumbi imejaa. Kisha akainamisha kichwa juu ya meza ya jikoni, mabega yakawa yanatikisika, nami nikadhani nimemliza. Nilipomshika nikakuta anacheka, machozi yanamtoka, hawezi kupumua. Nikaanza kucheka na mimi, kwa woga kwanza, halafu kwa kweli.

Alipopata pumzi alinieleza. Kila kisanduku kina nyuso sita, kama dadu. Ili aujue uongo wake wote, lazima kilale kwenye kila uso kwa saa mbili bila kuguswa: wima, kichwa chini, ubavu huu, ubavu ule, chali, kifudifudi. Ndiyo maana vilikuwa vinalazwa vile. Siku tatu za kazi zilikuwa zimekwenda na kitambaa changu.

Wakati anasema, nilikuwa naangalia mistari ya Jumatatu. Kwenye mstari wa saba palikuwa na mwiba mmoja mrefu kupita vilima vyote. Kidole chake kilipita juu yake bila kusimama. Nikafikiri hajauona. Maneno yalikuwa yamefika ulimini, nikayarudisha. Nilijua nimeshamharibia siku tatu, na barua bado iko kwenye friji. Nilijiambia nitamweleza kesho, kama Jumatatu nilivyojiambia jioni.

Kesho yake, Alhamisi, alikuwa na mtihani wa kusimamia chuoni, hakuweza kukosa. Saa mbili mara sita ni saa kumi na mbili, kuanzia alfajiri mpaka magharibi, na mtu wa kugeuza asubuhi hakuwepo. Nilidhani atamwomba mwanafunzi wake. Akaniomba mimi.

"Baada ya niliyofanya?" nikamwuliza.

"Nikiviweka mimi, inabidi nisubiri dakika tano mstari utulie. Ukiviweka wewe umeshatulia. Sijawahi kuona mkono wa namna hiyo kwenye rekodi, Bibi."

Aliniandikia kwenye karatasi kila saa na uso wake. Sikuhitaji sana karatasi. Mama yangu nilimgeuza miezi minane bila karatasi. Mzee alipewa kazi ya saa, na saa yake ya mkononi inakwenda mbele dakika saba tangu aichukue kwa fundi, kwa hiyo kila akiita wakati umefika, nilimwambia akae dakika saba zaidi. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, mikono magotini, ametulia kuliko jiwe. Saa nne, mkono wangu ulitaka kutafuta kitambaa. Nikaukalia.

Tukiwa tumekaa hivyo, nilimwuliza kama alijua. Kutoka kwenye kile kiti chake, mlango ukiwa wazi, kona ya bamba inaonekana.

"Nilikuona Jumatatu," akasema.

"Mbona ukakubali kutolewa nje?"

"Ningesema ni wewe?"

Alitazama saa yake, akaniambia bado dakika tisa, nikaongeza saba. Nikamwambia pia habari ya namba saba. Akasema hiyo hakuiona, alikuwa amefumba macho akifikiri.

Ijumaa saa nane kamili daktari wa viungo alifika. Ni mama wa makamo, anatembea kwa viatu visivyo na sauti, na anapoingia mahali anaangalia miguu ya watu kabla ya nyuso. Aliniamkia vizuri, nikaitikia. Visanduku vilikuwa kwenye sinia juu ya kitambaa, kumi na viwili, mishale juu, kila kimoja mbele ya bahasha yake. Mjukuu wangu alikuwa amevaa shati jeupe, amesimama kama anayesubiri kupimwa yeye.

Daktari akasema angependa kujaribu kimoja papo hapo, kwa mtu mzima anayetembea. Mzee akajitolea, akasema yeye anatembea wima kama mstari wa rula, watamtumia kuwa mfano. Daktari akapitisha mkono juu ya sinia, akipita moja, tatu, tano. Mkono ukasimama. Akashika namba saba.

Nilifikiria barua. Nilifikiria na mgonjwa nisiyemjua, anayejifunza kutembea, anategemea kisanduku kilichoangushwa na kanga ya bibi kimwambie kama ataanguka. Nikaona mgonjwa huyo ana bibi yake naye.

"Hicho usikifunge," nikasema. "Hicho kilianguka Jumatatu. Nilikiangusha mimi, na sijamwambia mtu ila mume wangu."

Nyundo ya seremala ikasikika ukutani. Sikuthubutu kumwangalia mjukuu wangu.

"Najua, Bibi," akasema. "Fungua bahasha yake, Daktari."

Daktari akatoa karatasi, akaisoma kwa sauti. Ilisema kwamba namba saba ilianguka Jumatatu saa nne na dakika kumi na sita, kimo cha nusu mita, juu ya kitu laini. Kwamba uongo wake umeongezeka mara tatu na haujatulia. Kwamba isifungwe kwa mgonjwa.

Nikamwuliza mjukuu wangu kimo amekijuaje. Akasema kisanduku kinapoanguka kinajihisi hakina uzito. Kilijihisi hivyo kwa theluthi ya sekunde, na hesabu iliyobaki ni ya darasani. Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba rekodi haikuishia hapo. Baada ya kuokotwa kilishikwa karibu na kitu kinachodunda, mara mia moja na nne kwa dakika.

"Ulikuwa umeogopa sana," akaniambia. "Nilikuwa nasubiri uwe tayari kuniambia."

Daktari akaweka karatasi chini. "Mia moja na nne?" akauliza, na hapo hapo akanikalisha kwenye kiti, akatoa kipimo chake mkobani na kunifunga mkono. Biashara ya visanduku ikasimama mpaka aliporidhika na moyo wangu. Uliposhuka hadi themanini akanifungua, akamgeukia mjukuu wangu. Akasema amepokea vifaa kutoka sehemu kubwa kubwa, na siku zote karatasi zinasema vyote ni vizima. Hajawahi kupokea karatasi iliyoandika kuanguka. Visanduku kumi na kimoja alivichukua. Jumatatu angeleta arobaini.

Mjukuu wangu alisema asante mara moja tu, kisha akakaa sakafuni na shati lake jeupe.

Mzee hakukubali kuachwa. Alifungwa namba tatu kiunoni, akatembea kutoka dirishani mpaka mlangoni na kurudi, kifua mbele. Daktari akasoma kioo, akamwambia anaegemea kushoto nyuzi nne. Mzee akasema mashine ni mwongo. Mjukuu wangu akasema uongo wake umeshatolewa. Daktari akauliza kama aliwahi kuumia goti au nyonga. Hakuwahi. Mimi najua sababu. Tukitoka pamoja, mimi hutembea kushoto kwake, na masikio yangu siku hizi yanataka mtu ainame kidogo.

Kiti cha kubembea kimerudi ndani, upande wa pili wa sebule. Seremala nilimpelekea sufuria ya uji na viatu vyake vya ngozi, nilivyokuwa nimemsafishia. Barua ilijibiwa kwa adabu, na bahasha yake Mzee ameikunja mara nne na kuiweka chini ya mguu mfupi wa meza ya jikoni.

Namba saba imebaki kwetu, juu ya cherehani yangu. Haina kazi tena, ila mjukuu wangu huitumia kufundishia, na jioni akimaliza huiacha vyovyote, mara ubavu, mara kichwa chini. Mimi siigusi. Nimejifunza kushona nikiiangalia hivyo hivyo, mkono ukiniwasha. Asubuhi, kabla hajaenda chuoni, huwa anapita sebuleni na chai yake mkononi, ananiamkia, na bila kusema kitu anaisimamisha wima.